Shikamoo Tatu kwa Mama wa Tajiri

Tangu tukimbie mapinduzi Unguja, nna mwezi mmoja tu hapa Maskati, na aibu nshaipata.

Tajiri wangu, Baniani muuza vitambaa, kasahau miwani yake dukani. Nikampelekea kwenye kijumba cha nyuma ya soko, kilichojaa viatu mlangoni. Nikavua vyangu, nikaingia kutoka juani, sioni vizuri. Tajiri kafumba macho pembeni. Mbele kakaa bibi mfupi, kajitanda nguo nyekundu, maua shingoni, udi unafuka. Nikajua ndiye mama yake.

“Shikamoo, bibi.”

Kimya. Labda hasikii.

“Shikamoo, bibi!”

Kimya. Kwetu, mtu mzima asipokuitikia ana neno na wewe. Nikapiga magoti. “Shikamoo, bibi. Kama nna kosa, niwie radhi.” Nikaushika mkono wake, nikaubusu.

Baridi. Jiwe.

Tajiri akafumbua macho. “Huyo si mama yangu,” akasema taratibu. “Huyo ndiye mungu anayelinda ukoo wetu.”

Nikageuka nikimbie. Mlangoni kasimama ami yangu, aliyekuja kunichukua twende tukaswali.

“Umeshamaliza huko?” akaniuliza. “Maana na huku wanaadhini.”