Binti Mbaruku aliyemnyima jumbe majina

Saa mbili asubuhi, kijijini Kiegei, Nachingwea. Sikuzani binti Mbaruku anavua viatu mlangoni, anaketi jamvini na kumsalimu mwenye nyumba kwa Kimwera. Anaulizia mihogo, anaulizia wajukuu. Swali lililomleta bado liko mbali.

Ni mjane wa miaka arobaini na mmoja, mkulima wa ufuta. Tangu mwaka 1951 ni mkalimani wa daktari wa kike, Mwingereza, anayetafiti kwa nini wanawake wengi wa huku hawashiki mimba. Mara nyingi jibu ni kisonono, na mwanamke anayetajwa kuwa nacho huweza kupewa talaka siku hiyo hiyo.

"Ndiyo maana nilimwambia daktari, usiandike majina," anasema. "Andika namba. Majina niachie mimi, nitayabeba kichwani."

Mwaka jana kichwa hicho kilijaribiwa. Walipokwisha kuwahoji wanawake 86, jumbe mmoja wa upande wa Ruangwa alimwita barazani. Alitaka kuwajua "wanaoharibu kijiji."

"Binti Mbaruku, lete daftari."

Akampa. Jumbe akapekua ukurasa baada ya ukurasa, akaona namba tupu.

"Huyu kumi na tisa ni nani?"

"Ni mtu aliyeniamini, Jumbe."

Jumbe akamfungia siku mbili bila kumtajia kosa.

"Niliogopa," anakiri Sikuzani. "Lakini nilifikiri, nikitaja mmoja tu, nani atanifungulia mlango tena?"

Siku ya tatu daktari alifika na barua ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na Sikuzani akaachiwa.

Habari zilimtangulia njiani. Asubuhi iliyofuata wanawake 31 walikuwa wamejipanga nje ya hema la daktari, wengine wametembea tangu Mbwemkuru. Waliokuwa wakijificha wakimwona ndio waliokuwa mbele. Kufikia mavuno, 140 walikuwa wamekwisha kuchomwa sindano za tiba, na waume wengi wakafuata kimyakimya. Mwaka huu vichanga vinalia katika nyumba zilizongoja miaka mingi.

Nyumba zipi? Mwandishi alipouliza, Sikuzani aliangua kicheko. "Na wewe nawe! Jumbe ndiye aliyekutuma?"

Mvua zikiisha atakwenda Nambilanje na wanawake wawili anaowafundisha kazi, Zuena na Swaumu. Somo la kwanza amekwisha kuwapa.

"Ukimkuta sokoni mtu uliyemhoji, mwulize bei ya kunde, upite zako."