Faita Aliyetaka Kugeuka

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, kabla mama yako hajawa mama yako, nilirudi kutoka Dar nimekumbatia mfuko wa nailoni wenye maji na samaki mmoja tu. Faita. Mwekundu kama khanga mpya, mkia umefunguka kama feni. Dukani walikuwepo wengi, kila mmoja kwenye chupa yake maana wakikutana hupigana, na mimi nikachukua mwenye mkia mrefu kuliko wote. Unanijua. Niliishia darasa la nne, na leo madirisha ya alumini hapa Mapinga, nusu yake yamepita mikononi mwangu. Sijawahi kununua kitu cha kujificha.

Wazee wangu walikuwa wapeleke posa wiki ile. Nikaona nitangulie na zawadi, wakwe zangu wakose la kusema. Nikakata vioo mwenyewe, nikaunda kitangi kidogo cha kukaa juu ya redio, kona zake hata leo sijaona mfano wake. Nikatia changarawe za kung'aa na ua la plastiki. Samaki akabaki na nafasi ya kupumulia.

Nikakipeleka kwao mama yako. Huko neno la mwisho lilikuwa la bibi yake, Bi Mwanahawa, mkulima wa mpunga, amekuja kutoka Mkange. Nikamwamkia.

"Marahaba, mume wangu." Akainama, akakitazama kitangi. "Mzuri. Sasa akitaka kugeuka?"

"Huyu wa kutazamwa tu, bibi."

"Ahaa. Na mjukuu wangu je?"

Mama yako akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Analia au anacheka, sikujua. Nikaona posa inaniponyoka. Nikaharakisha kusema nimekuja na maji yake ya kubadilisha, nikafungua dumu nililochota asubuhi.

Bibi akachovya kidole, akalamba. "Ya bahari!"

"Kwani samaki si wa bahari?" Mimi mtoto wa Bagamoyo mjini, samaki mwingine ningemjua wapi?

"Muuzaji alikwambia kwao wapi?"

"Alisema huko Asia, kwenye mashamba ya mpunga."

"Loo! Kumbe mkulima mwenzangu! Wewe unataka kumtia chumvi kabla hajafa?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mtandio ukaanguka: mama yako alikuwa anacheka. Bibi peke yake hakucheka. "Posa isije," akasema, "mpaka huyu apate nyumba."

Nikarudi kwenye vioo. Nikaunda tangi la kuingia ndoo nzima ya maji na ushei, nikalifunika kwa kioo maana faita huruka, nikaacha upenyo wa hewa. Nikalipeleka kwao, maji ya bomba yakalala kwanza kwenye ndoo wazi ili dawa itoke. Nikamtia samaki, akatulia chini mpaka nikaanza kuogopa. Kisha nikasikia mama yako anapiga kelele: "Bibi, njoo! Amegeuka!"

Posa ikapokelewa.

Sasa juzi umenitumia picha ya faita wa kupamba chumba unachomwandalia mkeo, na kigilasi cha kumwekea. Kigilasi hicho tia maua. Nenda dukani, usianze na mkia. Sogeza kidole kwenye chupa: anayekuja kukikabili ndiye, mwenye mapezi ambayo hayajachanika. Mnunue peke yake. Tangi nitakukatia mimi, maana kona kama zangu hutazipata. Na kabla hujabeba chochote, uliza kwao wapi.

Mkeo naye vivyo hivyo, mwanangu. Usimlete kwa ajili ya wageni kumtazama. Muulize amezoea nini, anapenda nini, umpe nafasi ya kugeuka.

Mungu akujaalie nyumba yenye nafasi, na kila atakayegeuka ndani yake akugeukie wewe. Amin.