Viti vya Ng'ambo ya Kasesya

Jamani, nyie mnaoniita Mwalimu Zambia endeleeni tu, maana jina nimejitafutia kwa mdomo wangu mwenyewe, lakini leo nisikilizeni mpaka mwisho kwa sababu hasira yangu bado haijapoa.

Mnajua nafundisha darasa la awali, na mnajua watoto wangu wanakaa kwenye sakafu ya saruji, na baridi ya huku Ufipa mwezi wa saba hamhitaji kusimuliwa. Sasa nilivuka mpaka pale Kasesya, nikaingia Zambia kwenye harusi ya binamu yangu, tukapita shule moja ya huko, nikachungulia dirishani, he! Vitoto vya miaka mitano vimekaa kwenye viti vidogo vizuri, kila kimoja na chake! Roho iliniuma. Nikapiga picha. Kuuliza nani kavileta, sikuuliza (harusi ilikuwa inatungoja, na mimi nilishajijibu kichwani kwamba serikali yao inajali watoto, yetu haijali).

Hapo ndipo nilipojiponza. Niliporudi nikairusha picha kwenye grupu la wazazi, nikaandika "Serikali ya wenzetu hiyo", wazazi wakawaka, mara mwenyekiti wa kamati ya shule akasema afisa elimu anakuja mkutanoni Alhamisi, mwalimu utusemee, basi kichwa kikavimba, nikashuka Sumbawanga mjini kuichapisha ile picha, kubwa kama kalenda ya ukutani.

Mkutano ulifanyikia darasani kwangu, picha ikiwa ukutani, nikasimama. Sauti niliyoitoa mimi!

"Mheshimiwa, bajeti ya wenzetu inafika mpaka kwa mtoto wa awali. Ya kwetu inaishia wapi? Hawa wa kwetu si watoto?"

Kina mama wakapiga vigelegele. Afisa akawa anaandika, naapa alikuwa anaandika, na mimi nikaviona kabisa viti vyangu vinashushwa kwenye lori.

Ndipo Mzee Sikazwe, fundi seremala wetu wa hapa hapa kijijini, akanyanyuka, akaisogelea picha, akavaa miwani.

"Mwalimu, hiki kilichopinduka hapa pembeni, unaiona hii alama ya jembe chini yake?"

"Naiona, baba."

"Ni alama yangu. Hivi viti nimevichonga mimi."

"Kwa hiyo serikali yao ndiyo iliyokupa kazi?" nikauliza, bado najitetea, mjinga mimi.

"Serikali gani? Wazazi wa kule walichanga ulezi, debe kwa debe, wakaniletea. Tena wanailalamikia serikali yao kila siku, wanasema ya Tanzania ndiyo inayojali watoto."

Mkutano mzima ulipasuka kwa kicheko. Wale wale wa vigelegele wakawa wanafuta machozi kwa khanga. Nikamgeukia mzee, "Sasa baba, mbona sisi hujatuchongea?" akanijibu taratibu, "Si mlikuwa mnasema serikali italeta?" Afisa akafunga daftari lake, akasema kumbe dawa mnayo wenyewe, changeni ulezi, akapanda gari akaondoka.

Aibu ni yangu, nakubali. Lakini niambieni, swali langu lilikuwa na kosa gani? Nilitaka kujua fungu la watoto wadogo likoje huku na likoje kule, na sijajibiwa mpaka leo, kwa sababu kwa papara zangu nilimpa mkubwa kicheko cha kujifichia. Wazazi wa kule wachange, wa huku wachange, halafu kila upande unadhani mwenzake ndiye anayehudumiwa! Inakera, jamani, inakera sana.

Nimeapa sitaisifia wala kuilaani bajeti ya nchi yoyote kabla sijauliza nani katoa. Barua ya lile swali nimeshaipeleka wilayani, safari hii bila picha, na kwa Mzee Sikazwe nimeshafika pia, shikamoo ya kupiga magoti kabisa.

Ila Jumatatu yake, Restituta, kale kabinti kangu kanakokaa mbele, aliitazama ile picha (nilikuwa nimeshaitundika darasani kabla ya mkutano, kiherehere changu) akaniuliza, "Mwalimu, viti vyetu vinakuja lini?"

Nikafungua mdomo kusema serikali italeta. Nikaufunga. Nikavua khanga niliyojifunga kiunoni, nikaikunja mara nne, nikamkalisha juu yake. Wenzake wote wakaona, wakasimama kuja kwangu, na khanga ninayo moja.