Siku Nilipong'oa Programu ya Kahawa

Shida zilinianza mwaka 1971, nina miaka kumi na mmoja. Baba alikufa, shule ikaishia darasa la pili, nikaanza kubeba kahawa za watu kichwani. Kwa hiyo asije mtu kunifundisha mzigo ni nini. Leo kinu cha kukoboa kahawa hapa Nyaishozi ni changu, na vituo vya kununulia vya Kimuli na Nyakahanga ni vyangu, vyote vimeunganishwa kwa kompyuta.

Fundi aliyezifunga alikuja na maneno yake. Kompyuta kubwa inayohudumia nyingine inaitwa seva. Hiyo ikakaa ofisini kwangu. Kuingiza programu ni kusakinisha. Programu ikizeeka unaisasisha, ipate toleo jipya. Kumbukumbu zake unazitolea nakala rudufu, unaziweka pembeni. Hilo nililielewa kabla hajamaliza: nani Karagwe hii anaacha mgomba bila mtoto ubavuni? Mwisho akasema lazima awepo msimamizi mkuu, mwenye nenosiri la kuruhusu kila kitu. Wengine wote ni watumiaji wa kawaida.

"Msimamizi ni mimi," nikamwambia.

"Mzee, kwa kawaida huwa ni yule anayeijua mashine."

"Shamba hili, kibanja hiki, cha nani?"

Akaniandika.

Anayeijua mashine ni mkamwana wangu, mke wa kijana wangu mkubwa. Amesomea mambo hayo chuoni, na anafanya kazi kwenye dirisha la kupokelea kahawa, chumba cha pili. Sasa, mimi ni Mnyambo wa zamani. Baba mkwe na mkamwana hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na kiti changu hakikalii hata nikiwa safarini. Kanisani wanasema hayo yamepitwa na wakati. Kanisani sina kinu.

Msimu ulipokolea, asubuhi moja programu ikagoma. Ilitaka kusasishwa, na bila idhini ya msimamizi haitoi stakabadhi. Bila stakabadhi mkulima hashushi gunia. Foleni ilifika barabarani, na ng'ambo ya barabara mshindani wangu alikuwa ameshatoa viti vya kukaribishia watu.

Mkamwana akaja nje ya dirisha la ofisi yangu, akasimama amenipa mgongo.

"Shikamoo baba. Imeandika nini?"

"Marahaba. Imeandika maneno."

"Maneno gani, baba?"

"Mengi."

Bibi mmoja kwenye foleni akapaza sauti: "Jamani, hapa tunapima kahawa au tunaposa?"

Nikawaacha wacheke. Nikasoma polepole: Sasisha. Sakinisha upya. Ondoa.

"Bonyeza la kwanza, baba."

La kwanza? Nani anapanda mgomba juu ya kisiki kilichooza? Unang'oa kwanza, ndipo unapanda. Nikabonyeza Ondoa. Ikaniuliza, una uhakika? Mimi tangu utoto ni mtu wa uhakika. Nikabonyeza Ndiyo.

Kioo kikabaki kitupu kama ghala la kahawa mwezi wa pili.

"Baba, umebonyeza nini?"

"Nimesafisha shamba."

 Niliona mabega yake yakishuka.

"Nakala rudufu ya jana ninayo," akasema. "Naweza kuisakinisha programu nikiwa kule kwangu, bila kuingia humo ndani. Unaitwa usimamizi wa mbali. Ila nahitaji nenosiri lako."

Mkulima wa mbele alikuwa tayari amelibeba gunia lake, anaangalia barabara kama pikipiki zimepungua avuke. Kumwandikia mkamwana karatasi, nimpe kwa mkono gani? Nikapiga kelele:

"MimiTu1971! M kubwa, T kubwa!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Mimi tu!" bibi yule akarudia, akijipangusa machozi. "Haya mzee, sasa mko wangapi?"

Mkamwana akakimbilia dirishani kwake. Yule mwenye gunia akalitua acheke vizuri, na kabla hajamaliza kucheka, stakabadhi yake ikatoka. Hakuvuka mtu.

Jioni mkamwana akaniambia kutoka upande wa pili wa ukuta: "Samahani baba, nenosiri lilisikiwa na kila mtu. Nimelibadilisha."

"Limekuwa nini?"

"Baba, msimamizi hasemi."

Sikubisha. Kazi ilikwenda, na kiti changu hakukikalia.

Leo nina kinu kimoja, lori moja, vituo viwili, kibanja cha migomba na mibuni, ng'ombe, nyumba ya bati, seva moja na kompyuta zake. Mimi ni mtumiaji wa kawaida.