Safari ya Matema na Baba Mkwe

Wifi yangu aliketi sakafuni sebuleni kwangu, miguu ameinyoosha, akaanza kutoa nguo za watoto kwenye begi nililokwisha kulifunga. Alizitoa moja moja, akazikunjua, akazinusa.

"Hizi bado mbichi," alisema. "Unawafungia watoto nguo zenye unyevu?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na pasi ya mkaa mkononi. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, na mwezi wa sita hapa Tukuyu nguo haikauki kwa kuanikwa tu. Ukungu unashuka asubuhi, manyunyu yanafuata, jua likichungulia ni la kukudanganya uanike. Kila nguo ya familia yangu nilikuwa nimeikausha kwa pasi, na nyumba nzima ilinuka mkaa. Yeye alikuwa ametoka Mbeya mjini siku iliyotangulia na begi lake la magurudumu, ndani kila kitu kimekunjwa kama cha dukani.

"Hilo ni joto la pasi, dada," nikamwambia. "Siyo unyevu."

"Mimi nimezaliwa huku. Unyevu naujua."

Mimi nami nimezaliwa Igogwe, siyo Uarabuni. Lakini nilimeza maneno, nikarudi kupiga pasi. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, na tangu niolewe nilikuwa nimejifunza kuchagua ugomvi wa kupigana naye.

Safari yenyewe ilikuwa yangu. Mimi ni fundi cherehani hapa mtaa wa Bulyaga, na wateja wangu ndio walionitia hamu kwa kusimulia Matema, mchanga wake na maji ya ziwa yanavyokuwa vuguvugu hata wakati huku tunavaa masweta mawili. Watoto wangu watatu walikuwa hawajawahi kuingia kwenye maji yanayozidi beseni. Nikatafuta vyumba kwa simu. Nikamsumbua mume wangu hadi akaazima gari la rafiki yake, Noah. Nikapanga nani akae wapi, tubebe sufuria zipi, viazi vingapi, na mikungu ya ndizi ifungwe juu ya gari. Wifi hakuwamo. Mume wangu alimtajia kwenye simu, naye akajibu, "Basi nakuja." Hakuna aliyeniuliza.

Mchana ule wote alipangua nilichopanga. Viazi alivitoa kwenye gunia akavirudisha jikoni. "Nani anabeba viazi kwenda ziwani? Watu watatuonaje?" Jiko langu dogo la gesi alilisogeza kwa mguu hadi pembeni, ili apate nafasi ya deli lake la kuwekea soda na barafu. Nilipolirudisha, akaliondoa tena. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa akikunja mashuka, alituangalia kisha akajifanya anatafuta kitu chumbani, wala hakutoka tena.

Mume wangu alikuwa nje, anazunguka gari. Kila nilipochungulia dirishani nilimwona amechuchumaa kwenye tairi lile lile.

Kisha wifi akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye begi, "Kiti cha mbele asikae mtu. Ni cha baba."

Nilidhani anamaanisha baba wa watoto. "Si ndiye anayeendesha?"

"Baba yetu. Nimempigia simu. Anakuja kesho asubuhi kutoka Isongole."

Niliweka pasi chini.

Kwa asiye wa kwetu, inabidi nieleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hampi mkono, hali naye, hakai naye chumba kimoja. Akimwona kwa mbali anapinda njia. Hiyo siyo chuki, ni heshima, na wengi siku hizi wameiacha. Utawaona wakwe na wakaza wana wanasali benchi moja. Lakini baba mkwe wangu ni mtu wa zamani, na mimi nililelewa na bibi aliyenifundisha hivyo hivyo. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, mzee huyo na mimi tulikuwa tumeheshimiana kwa kukimbiana. Akija, mimi naingia jikoni. Salamu zetu zinabebwa na watoto. Hakuna aliyewahi kuona tabu.

Na wifi alijua. Hakuna mtu duniani aliyejua zaidi yake.

"Sasa mimi nitakaa wapi?" niliuliza.

"Kuna mabasi," alisema. "Unaweza kutufuata kesho kutwa. Au ubaki, upumzike. Cherehani haichoki lakini wewe unachoka."

Nikatoka nje nikamwendea mume wangu. "Umesikia alichofanya dada yako?"

Alijifuta mikono kwenye suruali. "Ameniambia juzi."

"Juzi! Na wewe ukasemaje?"

"Ni baba yangu. Ningesemaje?"

"Ungesema mke wangu ndiye aliyeandaa safari."

Akalitazama tairi. Niliona kwamba hapo hakuna wa kunisaidia, nikarudi ndani, na safari hii sikumwita dada.

"Wifi, sema unachokitaka. Umemwita mzee ili mimi nitoke kwenye gari. Sema tu."

Alisimama. Ni mrefu kuliko mimi, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya kejeli tena.

"Nataka uonje," alisema. "Mama alipokuwa kitandani kule Isongole, wewe ulikuwa wapi? Nyumba ile ile, miezi ile yote, mimi peke yangu namgeuza, namlisha, namwosha. Wewe ukisikia baba anakohoa tu, umeshatoweka. Huingii chumbani kwa sababu baba yumo. Huketi kwa sababu baba anapita. Ulijificha nyuma ya mila, ukaniachia mimi mgonjwa. Mama alikuwa anauliza, mke wa mwanangu yuko wapi? Nimjibu nini? Haya, leo mila hiyo hiyo ikuweke nje. Tuone kama ni tamu."

Nilikuwa nimemfahamu mtu huyu miaka mingi bila kujua kwamba alibeba jambo hili.

"Nilikuwa uani," nilisema. "Nafua mashuka yake. Ulikuwa unanipitishia dirishani wewe mwenyewe, kila asubuhi, na uji nilikuwa nakupa kwa dirisha hilo hilo. Nani alikuwa anaupika? Ulidhani unajipika?"

"Kufua siyo kuuguza."

"Mikono yangu ilipasuka kwa maji ya baridi!"

"Ya kwangu ilimfumba macho," alijibu, akarudi kukaa sakafuni.

Nilirudisha viazi kwenye gunia mbele ya macho yake, kimoja kimoja, nikavidondosha kwa kelele.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, gari halionekani vizuri hata kutoka barazani. Nilikuwa nimeshaamua sibaki wala sipandi basi, ila sikujua nitafanya nini. Nikasikia bodaboda inazima mlangoni, nikaingia jikoni kwa mazoea. Jiko letu liko nje, limejengwa kwa mabanzi, na kupitia nyufa zake niliweza kumwona mzee. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia, amenyoa ndevu, amekumbatia mfuko wa nailoni uliofungwa kamba. Aliteremka pole pole, magoti yamekakamaa kwa baridi ya njiani. Watoto walimkimbilia. Akawauliza, kwa Kinyakyusa, kama ni kweli maji ya ziwa yana joto.

Kisha akamgeukia binti yake. "Mkwe wangu yeye amekwisha tangulia?"

Wifi alisita. "Yupo, baba. Yuko jikoni."

"Si uliniambia ametangulia jana kwa basi? Uliniambia ni yeye mwenyewe aliyeomba nije."

Hata mume wangu alinyanyuka kutoka kwenye matairi.

"Nilidhani atatangulia," alisema wifi.

Sijawahi kumsikia mzee yule akipaza sauti, wala siku ile hakupaza. Alisema, "Umenitoa shambani uje uniweke katikati yenu. Mke wa watu afukuzwe kwenye gari lake kwa ajili yangu. Nimekuwa fimbo yako mimi?" Akamwita kijana wa bodaboda asiondoke. Halafu akasimama tu pale, mfuko kifuani, kama mtu aliyesahau jambo. Mjukuu wake mdogo akamshika koti, akamwambia, "Babu, twende," naye akamjibu kwamba viazi vya Isongole vitapata baridi visipoangaliwa. Mtoto hakuelewa. Mimi nilielewa kwamba alikuwa amejiandaa kwa safari hii kuliko sisi wote.

Kwa wifi nilikuwa na hasira ya kutosha kumwacha barabarani. Lakini hasira hiyo ndiyo iliyonipa akili. Angeondoka mzee, wifi angekaa garini na kununa, sisi tungeonekana tumemfukuza babu wa watoto. Ningebaki mimi, angekuwa amepata alichotaka. Nikatoka jikoni kwa mlango wa nyuma, nikaingia sebuleni, nikavua pazia la dirisha kubwa pamoja na waya wake. Nikamwita binti yangu.

"Mwambie babu yako ageukie kwenye migomba kidogo. Mwambie mama anapita."

Alikwenda. Mzee akageuka bila kuuliza, akatazama migomba, mgongo wake umenyooka. Nikapita nyuma yake hadi kwenye Noah, nikafunga waya kwenye vishikio vya juu ya milango, upande hadi upande, nyuma ya viti vya mbele, nikalikaza pazia na kulichomeka chini kwa pini za ushoni. Mume wangu alisogea.

"Sasa nyuma nitaonaje?"

"Una vioo vya pembeni," nilimjibu. "Na ulikuwa na siku tatu nzima za kuona."

Nikapanda nyuma, nikakaa dirishani, nikamtuma tena binti yangu. "Mwambie babu gari liko tayari. Mwambie ni mimi ninayemkaribisha."

Nilimsikia akikohoa, nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa, kiti kinalalamika. Akasema, bila kumwelekezea mtu, "Ndaga." Ndiyo asante ya kwetu. Wifi alikuwa bado amesimama uani na deli lake. Ndani palikuwa na nafasi moja iliyobaki, kando yangu.

Njia nzima alikaa pale, bega lake likigusana na langu kwenye kila kona. Tulipoteremka, ukungu ukabaki juu, joto likaanza. Watoto wakavua masweta, kisha soksi. Pazia lilizuia hewa, jasho likatutoka, na nilimwona wifi akijipepea kwa kiganja. Nilikuwa na kipande cha boksi mapajani. Sikumpa. Upande wa mbele mzee alikuwa akiwasimulia wajukuu kila anachokiona, mashamba ya mpunga, mikakao, ng'ombe, hadi Ipinda, hadi maji yenyewe yalipotokea na watoto wakapiga kelele zilizomzidi sauti.

Matema tulikaa vizuri kuliko nilivyotegemea, ukimtoa mtu mmoja. Mzee alipewa chumba cha mwisho. Asubuhi alikwenda ufukweni na wajukuu, suruali ameikunja hadi magotini, mimi nikabaki nyuma ya vyumba nikipika. Akitaka kurudi alikohoa kutoka mbali, nami nikasogea. Alikula samaki hadi akaishiwa na maneno. Viazi vililiwa vyote.

Wifi hakugusa chakula changu. Alinunua wake, akala peke yake kwenye ngazi. Siku ya pili nilimkuta anafua shati la baba yake, nikajaza ndoo yangu kando yake kwa sababu bomba lilikuwa moja.

"Usidhani nimesahau," alisema.

"Wala mimi," nilisema.

"Uji niliupokea dirishani. Hilo nakubali." Akakamua shati kwa nguvu. "Lakini mama hakuwa dirishani."

Niliona nikimjibu nitasema jambo ambalo halitarudi tena. Nikabeba ndoo yangu nikaondoka. Kesho yake asubuhi alipanda bodaboda kwenda kutafuta basi, akamwambia baba yake ameitwa kazini. Mzee hakumzuia. Tuliporudi Bulyaga kiti cha wifi kilijaa ndoo ya dagaa, na kutoka mbele ya pazia mzee alimwambia mjukuu wake, "Mwambie mama yako, mimi nimeshiba."

Tangu siku hiyo wifi hajakanyaga kwangu. Huongea na mdogo wake kwenye simu Jumapili, mimi nikiwa pale pale nasikia. Akikata simu, mume wangu huniambia, "Dada anakusalimia." Najua hajanisalimia. Namjibu, "Nawe msalimie," na najua hatamfikishia.