Kifua cha Bwana Baridi

Mtaa mzima ulimwita Bwana Baridi, na mwenyewe jina alilipenda. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiuza barafu ya mapande kwa wauza samaki na wauza vinywaji, akiisukuma kwa mkokoteni, imefunikwa unga wa mbao na magunia matatu. Mikono yake ilikuwa baridi hata jua likiwa la utosi. Mkewe alikuwa akimtania kwamba ameolewa na friji.

Asubuhi moja aliitwa hospitali akiwa njiani na mzigo. Aliuacha mkokoteni uani, akaingia mbio. Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji, mwezi na nusu kabla ya wakati, na bado dawa ya usingizi ilikuwa haijamtoka. Mtoto, wa kiume, alikuwa mikononi mwa bibi yake mzaa mama, amezongwa sweta na mablanketi mawili, inaonekana pua tu.

"Nesi, huyu mume wangu ana baridi," bibi alisema akimtazama mjukuu wake. "Niongezee blanketi."

Nesi alipenyeza kipimajoto kwapani mwa mtoto. Nyuzi thelathini na tano. Uso ulimbadilika.

"Akizidi kushuka tunaweza kumpoteza. Na vitanda vya joto vyote vina watoto."

Bibi alianza kufungua kanga yake ya begani amwongezee. Bwana Baridi alimtazama, akayakumbuka magunia yake.

"Mama, usiongeze," alisema. "Barafu naifunika magunia kila siku, na hayaipi joto hata chembe. Gunia halina joto lake, linatunza kilichomo tu. Na humo ndani mna baridi."

"Umesema kweli," nesi alidakia. "Anataka mwili wenye joto, ngozi kwa ngozi. Joto litatoka kwa mkubwa liende kwa mdogo mpaka wakaribie kulingana. Baba, vua shati."

Kuvua shati mbele ya mama mkwe! Bwana Baridi alitamani ardhi ipasuke.

"Nitamgandisha, nesi. Shika mikono yangu uone."

Nesi alimpima naye. "Baridi iko mikononi tu. Kifuani wewe ni jiko."

"Vua, baba," bibi alisema akigeukia ukuta. "Mimi sioni kitu, hata miwani sina." Miwani alikuwa nayo usoni.

Mtoto alipovuliwa sweta na kulazwa kifuani, Bwana Baridi alishtuka. Baridi alizijua za kila namna, lakini hii ilimtia hofu. Nesi akawafunika wote wawili kwa yale mablanketi, ambayo sasa yalikuwa na kitu cha kutunza. Bwana Baridi hata kukohoa hakuthubutu. Dirishani aliona maji yakichuruzika chini ya mkokoteni wake.

"Mwanangu, barafu yako inakwisha," bibi alisema.

"Iache, mama."

Adhuhuri nesi alipima tena: thelathini na sita na nusu. Bibi hakuridhika na namba. Alisahau haya zote, akaingiza mkono chini ya mablanketi, akapapasa, kote joto moja, akasita.

"Nimemshika mume wangu, au nimekushika wewe?"

"Umenishika mimi, mama."

Bibi alicheka huku machozi yanamtoka, na mkono hakuutoa.