Achia Pedali Kwanza

Saa moja asubuhi, jijini Pleven, Zornitsa Paskova anabonyeza kitufe cha kompyuta ndogo ya mkononi. Kabla hajakiachia, anageuza kazi ya vitufe kutoka kuandika hadi kusogeza mshale, kisha anairudisha. Kioo kinajaa: aaaaaaaa.

"Imeanza tena," anasema, akisukuma kando sahani ya banitsa, andazi la jibini.

Baba yake, mzee Stamen, anacheka bila sauti. Koo lake lilipasuliwa miezi saba iliyopita, na mkono wa kulia hauwezi tena kalamu. Anaichukua kompyuta, anafuta, anaandika kwa kidole gumba cha kushoto: "Hata kwa daktari wa meno sijawahi kusema A nyingi hivi."

Zornitsa, 38, hutengeneza viendeshi: programu zinazokaa kwenye kiini cha mfumo na kuiambia kompyuta umebonyeza nini. Kwa wiki kumi na moja, kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini, amekuwa akiandika kiendeshi cha kompyuta hii ambayo baba yake huongea kwayo. Hakuna anayemlipa.

"Mzee aliendesha basi la umeme, lile la nyaya za juu ya barabara, miaka thelathini na mmoja," anasema. "Mimi naandika viendeshi. Ukoo wa madereva."

Kesho madaktari wanaamua kama mzee apasuliwe tena. Mara ya kwanza binti ndiye aliyemsemea.

"Nilikubali kwa niaba yake. Nilikuwa na hofu," anasema. "Hajanisamehe sawasawa."

Mzee anagonga meza. Ameandika: "Ukigeuza, kidole kiko wapi?"

"Bado kimebonyeza, baba."

"Kwenye makutano ya nyaya unaachia pedali kwanza. Usipoachia, basi linakwama na abiria wanakutukania mama."

Zornitsa anakodoa macho, kisha anajitukana mwenyewe. Kiendeshi chake kilikuwa kinageuza kazi bila kuiambia kompyuta kwamba kitufe kimeachiwa. Anaongeza mistari sita. Anabonyeza, anageuza, anarudisha.

Herufi moja tu: a.

"Baba, wewe ni fundi!"

"Nilikuwa dereva. Fundi alikuwa mlevi."

Wiki hii atawatumia wasimamizi wa mfumo mistari hiyo, iingizwe kwenye toleo la wote. Wakiipokea, kila mwenye kifaa kama hiki ataipata bila kumjua yeye wala baba yake. Hilo ndilo tumaini lake.

La mzee ni la kesho. Anamgeuzia binti kioo: "Utanifikisha mlangoni. Ndani naingia mwenyewe."

"Na ukiwaambia hutaki kupasuliwa?"

Gumba linatembea polepole.

"Utasikia kwao."